Kwenda Owino kwa Basi: Ushauri kwa Anayefika Kampala Mara ya Kwanza

Swali ni lile lile, liwe limetoka Nakuru, Mwanza au Bukoba: "Nina mtaji mdogo, nimesikia Owino nguo ni bei nafuu. Nipande basi gani, na nikifika nifanyeje?" Wengi huuliza bei ya suruali na bei ya belo. Wachache huuliza basi litafika saa ngapi, mzigo utatokaje sokoni, na watu wa forodha watasema nini wakati wa kurudi. Hayo matatu ndiyo yanayoamua kama safari imelipa au umekula hasara. Punguzo ulilopigania sokoni kwa saa nzima linaweza kumalizwa na nauli ya boda, chumba cha usiku ambao hukuupanga na ushuru ambao hukuuhesabu.

Owino, ambalo jina lake rasmi ni Soko la Mtakatifu Balikuddembe, lilianzishwa mwaka 1971. Liko bondeni, kando ya uwanja wa Nakivubo, karibu na vituo viwili vikubwa vya matatu: Old Taxi Park na New Taxi Park. Kampala yenyewe ni mji wa vilima, takriban mita 1,200 kutoka usawa wa bahari, na soko limekaa pale chini ambako watu, magari na maji ya mvua vyote huteremkia. Kwa hiyo mpango wangu kwa kila anayeuliza ni huu: fika mchana, lala kilimani, teremka sokoni ukiwa mwepesi, panda na mzigo mara moja tu.

Hati kwanza, tiketi baadaye

- Mkenya anaweza kuingia Uganda kwa kitambulisho cha taifa, kutokana na makubaliano ya Kenya, Uganda na Rwanda yaliyoanza kutumika mwaka 2014. Ukipewa kikaratasi mpakani kitunze pamoja na kitambulisho, kwa sababu utaulizwa ukirudi.
- Mtanzania asitegemee kitambulisho cha NIDA. Beba pasipoti, au omba hati ya dharura ya kusafiria katika ofisi ya Uhamiaji kabla ya siku ya safari.
- Mtoto anahitaji hati yake mwenyewe. Usimpakate ukidhani hataonekana.
- Kadi ya manjano ya chanjo ya homa ya manjano. Chanjo huhesabiwa kuwa imeanza kufanya kazi baada ya siku 10, kwa hiyo kuchanjwa jioni ya kuamkia safari hakukusaidii. Ukishachanjwa, kadi haiishi muda.

Najua kuna atakayesema jirani yake hununua kadi bila kuchanjwa, au huvuka kwa njia za panya na hajawahi kukamatwa. Sikushauri kabisa. Kadi ya kununua haizuii ugonjwa. Na ukivuka bila muhuri, siku utakayoibiwa simu au kugombana na mpagazi utashindwa hata kwenda polisi, maana mkosaji wa kwanza pale kituoni utakuwa wewe.

Chagua basi kwa saa ya kufika

Watu huchagua basi kwa nauli na kwa viti. Mimi nakuambia uanze na saa ya kufika.

Kutoka Nairobi, mabasi hupita Nakuru, kisha huelekea Eldoret na Malaba, au Kisumu na Busia. Hesabu saa 12 hadi 14, na zaidi foleni ya mpakani ikiwa ndefu. Basi linaloondoka Nairobi jioni hukufikisha Kampala asubuhi. Linaloondoka asubuhi hukushusha usiku, katikati ya mji usioujua, ukiwa na pesa za mtaji mfukoni. Tofauti ya nauli, hata kama ipo, haifai kukushawishi.

Kutoka Bukoba, njia ni Mutukula, Masaka, kisha Kampala, karibu kilomita 300. Hapo basi la alfajiri linatosha, utaingia Kampala mchana. Anayetoka Mwanza kwa njia hiyo ana safari ndefu zaidi, na wengi hulala Bukoba kwanza. Nadhani ni uamuzi mzuri.

Kabla ya kulipa, muulize mkata tiketi mambo haya, na usiridhike na jibu la "usijali":

1. Basi linashusha wapi hasa Kampala? Baadhi ya ofisi za mabasi ya Kenya ziko Dewinton Road, karibu na National Theatre. Mengine hushusha chini zaidi, upande wa Namirembe Road na Kisenyi.
2. Mpakani basi linasubiri abiria wote, au linasogea mbele?
3. Mzigo wa kurudi unalipiwa kwa kilo, kwa gunia au kwa kukadiria kwa macho?
4. Kampuni inapokea mizigo isiyosindikizwa na abiria, kwa risiti?

Swali la nne wengi huliruka. Tutalirudia.

Beba sweta au shuka hata kama unatoka Mombasa na jua linawaka. Barabara ya Eldoret hupita Timboroa, karibu mita 2,700 juu ya usawa wa bahari, na basi la jioni hukufikisha huko usiku. Baridi yake hupenya madirisha.

Usipokee biskuti, maji wala soda iliyokwisha kufunguliwa kutoka kwa jirani wa kiti, hata akiwa mcheshi na amekusimulia habari za watoto wake. Watu wamelevywa dawa kwa njia hiyo na kuamka Kampala bila kitu.

Upande wa Uganda, basi likishapita msitu wa Mabira utaona Namawojjolo. Wachuuzi hulizingira basi wakinyanyua mishikaki ya kuku, ndizi za gonja za kuchoma na chupa za maji hadi dirishani. (Anayetoka Masaka atakutana na hali hiyo hiyo Lukaya.) Chakula ni kitamu, nami nakipenda, lakini kuna namna ya kununua: shika noti ndogo mkononi mapema, pokea kitu, kiangalie kama kina moto, ndipo utoe pesa. Ukitoa noti ya 50,000 basi likang'oa, chenji hiyo imekwenda. Na kama tumbo lako ni jepesi, bora ule gonja. Kuku waache mpaka siku ya kurudi.

Kuanzia Mukono hadi Kireka foleni ya asubuhi ni nzito. Usimwahidi mtu kuwa saa mbili utakuwa sokoni.

Mpakani

Busia, Malaba na Mutukula zote ni vituo vya pamoja vya mpaka. Unagongewa kutoka na kuingia katika jengo moja, upande wa nchi unayoingia. Hilo limepunguza usumbufu sana, ila makosa ya wasafiri hayajabadilika:

- Kushuka bila kuandika namba ya basi. Mabasi hufanana, na usiku yote ni taa tu. Andika namba, kariri sura za jirani zako wawili.
- Kumpa kitambulisho kijana anayesema "leta nikusaidie". Foleni ni yako, hati ni yako, dirisha unalifikia mwenyewe.
- Kubadilisha pesa zote kwa watu wa mkononi. Badilisha kiasi cha chakula na usafiri wa siku moja tu, hesabu mbele yake, na ukishahesabu usimrudishie "aongezee". Noti hupungua katika kurudi huko.
- Kuacha pesa kwenye begi. Mabegi hushushwa kukaguliwa. Pesa zikae mwilini.

Pesa na masifuri yake

Siku za karibuni shilingi moja ya Kenya imekuwa takriban 28 za Uganda, na shilingi moja ya Tanzania ni kama 1.4. Bei hizo hupanda na kushuka, kwa hiyo ziangalie upya siku ya safari, kisha andika kwenye karatasi jedwali lako dogo: 5,000, 10,000, 20,000 na 50,000 za Uganda ni ngapi kwa pesa ya kwenu. Karatasi hiyo iweke mfukoni. Mkenya husikia "elfu kumi" akashtuka, kumbe ni kama 350 kwake. Mtanzania yuko kwenye hatari iliyo kinyume: masifuri yanalingana na ya nyumbani, naye huanza kulipa bila kubadilisha hesabu.

Kiasi kikubwa badilisha kwenye duka la fedha za kigeni, upande wa Kampala Road, huko juu, kabla hujateremka sokoni. Ukibeba dola ziwe mpya na za noti kubwa. Noti ndogo na za matoleo ya zamani hupewa bei ya chini au hukataliwa.

Pesa ya simu inafaa kwa usalama. M-Pesa hupeleka hadi laini za MTN Uganda. Kumbuka tu kwamba Uganda hutoza kodi ya asilimia 0.5 unapotoa pesa, mbali na ada ya wakala. Kwa mtaji mdogo ni gharama ndogo kuliko hasara ya kuchomolewa.

Umefika. Sasa ulale wapi?

Usitafute chumba kilicho karibu zaidi na soko. Ndilo kosa la wageni wengi, na sababu yao inaeleweka: wanaogopa umbali. Lakini bondeni kuna kelele usiku kucha, na ukitoka usiku kununua chakula una wasiwasi. Tafuta upande wa Old Kampala, Mengo au Namirembe. Kutoka huko unateremka sokoni kwa miguu asubuhi, na jioni unapanda ukiwa umeshapeleka mzigo.

Vilima vitakusaidia usipotee. Simama mahali pa wazi ujifunze alama tatu: mnara wa Msikiti wa Taifa uko Old Kampala, kanisa kuu la Waanglikana la matofali mekundu lenye kuba liko Namirembe, na la Wakatoliki lenye minara miwili liko Rubaga. Ukichanganyikiwa katikati ya vichochoro, toka nje, tafuta mojawapo ya alama hizo, ujue umeelekea wapi.

Kuhusu usafiri: ukisikia "takisi" Kampala, ni matatu au daladala. Gari la kukodi peke yako huitwa "special hire", na bei hupatanwa kabla ya kufungua mlango. Boda ni nyingi mno. Tumia zile za programu kama SafeBoda, ambapo bei huonekana kwenye simu na dereva ana kofia ya abiria. Kwa mwendo mfupi wa kuzunguka Owino, tembea. Barabara zile hujaa kiasi kwamba boda nayo hukwama, na mkoba uliovaa mgongoni juu ya boda iliyokwama uko wazi kwa kila mkono.

Mwislamu anayetafuta chakula cha uhakika, au yeyote anayetaka kusikia Kiswahili, aende Kisenyi, karibu tu na soko. Wasomali wengi wanaishi na kufanya biashara huko, wana migahawa, na wengi wao wanakijua Kiswahili vizuri.

Kuingia sokoni

Vaa viatu vilivyofunika vidole, nguo ya kawaida, na mkoba mdogo wa mbele. Simu isikae mkononi. Gawa pesa: za matumizi ya saa moja mfukoni, zilizobaki ndani kabisa ya nguo. Usizitoe zote hadharani kwa kisa chochote.

Vijia ni vyembamba, mabati na maturubai yameshikana juu, na mpagazi mwenye gunia kichwani hawezi kusimama ghafla. Ukimsikia nyuma yako mpishe, jibane ukutani. Utaitwa kutoka pande zote na pengine kushikwa mkono. Si ugomvi. Sema "nedda, webale" kwa sauti ya kawaida, uendelee kutembea.

Salamu hufungua mambo. Kwa wazee wengi wa Buganda Kiswahili kimehusishwa kwa muda mrefu na askari wa enzi za mabavu, na ukianza kwa kuamrisha, "Leta hiyo!", unaweza kunyimwa hata bei. Anza na "Oli otya, ssebo" kwa mwanamume au "Oli otya, nnyabo" kwa mwanamke, ndipo uulize kama mnaweza kuzungumza Kiswahili. Wauzaji wengi wa mitumba watakujibu kwa Kiswahili na kwa moyo mkunjufu, maana wateja wao hutoka Kenya, Congo na Sudan Kusini. Maneno machache ya kubeba:

- *Ssente mmeka?* — bei gani?
- *Salako* — punguza.
- *Lukumi* ni 1,000 na *omutwalo* ni 10,000. Anayesikia "lukumi" akaelewa "kumi" hujikuta kwenye mabishano yasiyo na maana.

Siku ya kwanza, saa mbili za mwanzo usinunue kitu. Zunguka, uliza bei ya bidhaa ile ile kwa wauzaji watatu au wanne, ujue bei ya chini iko wapi. Ukishaijua huingizwi mjini kirahisi. Mabelo hufunguliwa asubuhi, na nguo bora, zile ambazo katika soko la Gikomba, Nairobi, huitwa kamera, huondoka mapema kwa bei ya juu. Mchana hubaki mchanganyiko, bei hushuka. Anayeuza dukani kwa wateja wanaochagua awahi asubuhi. Anayemwaga chini mnadani asubiri.

Kagua kila kipande kwenye mwanga, nje ya turubai. Angalia kwapa, pindo la chini, zipu, na sehemu ya kukalia ya suruali. Kwa viatu, kunja soli mpaka ncha ikaribie kisigino: gamu iliyokauka itajionyesha hapo hapo.

Sehemu ninayoipenda zaidi Owino ni ile ya mafundi. Wamekaa mstari mzima na cherehani za kukanyaga, futi shingoni, na suruali yenye kiuno kikubwa hupunguzwa ukiwa umesimama pale pale. Tazama fundi anavyofumua mshono wa nyuma kwa wembe, akakata, akashona na kupiga pasi ya mkaa. Kwa muuza mitumba hii ni faida halisi: nguo iliyokosa mnunuzi kwa sababu ya ukubwa inarudi sokoni ikiwa saizi inayotafutwa. Patana bei kwa jumla ya nguo kumi au ishirini, lakini kaa pale pale mpaka kazi iishe.

Ukiingia, kumbuka mlango ulioingilia na utafute wa pili. Soko hili limeungua zaidi ya mara moja, moto wa Februari 2009 na wa mwaka 2011 ukiwa miongoni mwa mikubwa. Vile vile mvua kubwa ikianza usijifiche vibanda vya ndani kabisa. Mfereji wa Nakivubo ukijaa, maji hupanda upesi. Toka mapema uelekee juu.

Mzigo, risiti na forodha

Hapa ndipo faida hupotea, kwa hiyo soma polepole.

Wengi wanaamini kwamba kwa kuwa Kenya, Uganda na Tanzania ziko pamoja katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, kitu chochote kilichonunuliwa Kampala huvuka bila ushuru. Si kweli. Unafuu ule ni wa bidhaa zilizotengenezwa au kuzalishwa ndani ya Jumuiya. Mfanyabiashara mdogo mwenye bidhaa za aina hiyo zisizozidi thamani ya dola 2,000, zikiwa kwenye orodha iliyokubaliwa, hupewa mpakani cheti rahisi cha uasilia na kusamehewa ushuru wa forodha, ingawa kodi na ada nyingine zinaweza kubaki. Mitumba imetoka Ulaya, Marekani au Asia. Kupitia Owino hakuifanyi kuwa ya Uganda, tena nguo kuukuu ziko kwenye orodha ya bidhaa nyeti zinazotozwa ushuru mkubwa.

Fanya hivi:

- Kabla ya kununua, pita dawati la forodha mpakani wakati wa kwenda. Uliza kiwango cha nguo, viatu na mikoba. Andika.
- Dai risiti kwa kila muuzaji, hata ya kuandikwa kwa mkono. Usipokuwa nayo, ofisa atakadiria thamani mwenyewe.
- Mtanzania asinunue nguo za ndani za mitumba. Shirika la Viwango Tanzania (TBS) limezipiga marufuku na zitateketezwa.
- Nenda na magunia au mifuko ya kitambaa. Owino watakufungia kwenye *kaveera*, mifuko ya plastiki, wakati Kenya iliipiga marufuku Agosti 2017 na Tanzania Juni 1, 2019. Fungua kila furushi kabla ya mpaka, utoe plastiki yote.
- Usigawie abiria wenzako nguo wakuvushie, na usikubali kumvushia mtu furushi usilolifunga wewe.

Na lile swali la nne la ofisi ya basi: gunia zito likiwa na risiti ya kampuni linaweza kutangulia kama mzigo, wewe ukasafiri na begi lako. Ushuru wake utalipwa vile vile, lakini huhangaiki na wapagazi usiku wa manane. Kwa mpagazi wa sokoni, patana bei kabla hajainua, tembea nyuma yake na si mbele, na mlipe mkiwa mbele ya mlango wa ofisi ya basi.

Baada ya hapo fanya hesabu ya kweli. Jumlisha nauli, malazi, chakula, wapagazi, ushuru, kisha gawanya kwa idadi ya nguo. Kwa mtaji mdogo sana, anayeishi Nairobi mara nyingi atagundua Gikomba ni nafuu zaidi. Namshauri asione haya kubaki huko. Safari hii huanza kulipa kwa anayeishi karibu na mpaka, au anayefuata bidhaa maalumu aliyohakikisha kwamba ina bei tofauti.

Siku za kuepuka

- Machi hadi Mei, na Septemba hadi Novemba, ni misimu ya mvua. Ukilazimika kwenda, acha siku moja ya akiba.
- Mkesha wa Juni 3, Siku ya Mashahidi. Mahujaji kutoka kila upande, wengine kwa miguu, huelekea Namugongo, na vyumba na mabasi hujaa.
- Wiki mbili kabla ya Krismasi. Nauli hupanda na wezi huongezeka.
- Jumapili, kwa anayetaka kufanya manunuzi makubwa. Vibanda vingi hufungwa. Ikiwa ndiyo siku uliyobaki nayo, panda Old Kampala ukauone Msikiti wa Taifa uliofunguliwa rasmi mwaka 2008. Wageni huruhusiwa kupanda mnara kwa ada, wanawake hupewa vazi la kujisitiri mlangoni, na ukiwa juu utauona mji mzima, pamoja na njia utakayopita Jumatatu alfajiri kwenda kwenye basi.